Samaki Asiye na Kichwa: Mlo wa Mpishi Mkuu kwa Mtu wa Kapolowe

Samaki wa ziwa Tshangalele anayetolewa katika mgahawa wa bei kali mjini Lubumbashi hana kichwa. Hana mkia pia, hana miba, na kwa sehemu kubwa hana samaki. Kinachofika mezani ni kipande cha upana wa vidole viwili, kimelazwa peke yake katikati ya sahani ambayo kwa ukubwa wake ingehudumia ukoo mzima. Mtu aliyekulia Kapolowe, kando ya ziwa hilo, ambako samaki huuzwa akiwa mzima, macho wazi, mapezi yamekamilika, hukitazama kipande hicho, kisha huuliza swali ambalo mahali pale haliulizwi: kichwa kiko wapi?

Swali hilo liliulizwa Jumamosi iliyopita kwa sauti ya kawaida ya Kapolowe, yaani sauti iliyozoea kuvuka maji kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Meza zote ziligeuka. Mwanamke mmoja aliweka uma chini. Aibu ya tukio hilo bado mbichi, na inatosha kuwa sababu ya kueleza mlo wa namna hii ni kitu gani, unafanyaje kazi, na kama unatimiza kile unachoahidi.

Mgahawa wa mpishi mkuu ni nyumba ambamo mteja hulipia fikra za mtu anayepika, na chakula huambatana nazo kama ushahidi. Katika malewa, yaani vibanda vya chakula, ya Likasi mla huchungulia sufuria, huonyesha kwa kidole, na mama mwenye sufuria humpakulia mpaka bei itimie. Akiona kijiko kimeinuka mapema, hulalamika, na mara nyingi hushinda. Katika mgahawa wa mpishi sufuria haionekani, kijiko hakionekani, na malalamiko hayana pa kupelekwa.

Utaratibu huu una historia yake. Katika karamu za wakubwa wa Ufaransa ya zamani vyakula vingi viliwekwa mezani kwa pamoja na kila mtu alijipakulia kilicho karibu naye, desturi ambayo mtu wa Kapolowe angeitambua mara moja. Katika karne ya 19 ikaenea desturi ya Kirusi: sahani moja huletwa, huliwa, huondolewa, ndipo huletwa nyingine. Mwishoni mwa karne hiyo Auguste Escoffier, akiongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London, aliwapanga wapishi kijeshi, huyu wa michuzi, huyu wa samaki, huyu wa nyama za kuchoma, wote chini ya mkubwa mmoja. Mwaka 1973 waandishi wawili, Henri Gault na Christian Millau, wakatangaza amri kumi za upishi mpya. Chakula kisipikwe kupita kiasi. Menyu iwe fupi. Michuzi mizito iachwe. Mapambo yasitumike kuhadaa. Hakuna amri iliyosema mtu alale na njaa. Hiyo iliongezwa na wanafunzi.

Hatua ya kwanza ya mlo ni menyu, na hapo ndipo matumaini hujengwa. Menyu ya Jumamosi ilitaja tilapia wa ziwa, povu la sombe, vumbi la vinkubala na bukari ya kukaangwa. Kila jina lilikuwa la nyumbani. Msomaji kutoka Kapolowe aliona mbele yake karamu ya msiba mkubwa au harusi ya wastani, akakataa mkate ulioletwa mwanzoni ili asiharibu nafasi tumboni. Uamuzi huo ulikuja kujutiwa.

Hatua ya pili ni sahani yenyewe. Povu la sombe, yaani kisamvu, lilikuwa mapovu ya kijani yaliyozimika kabla uma haujayafikia. Vinkubala, wale viwavi wanaouzwa kwa kopo sokoni, walikuwa wamesagwa wakanyunyizwa ukingoni mwa sahani, mahali ambapo mtu mwenye adabu hafuti. Bukari, yaani ugali, ilikuja katika vipande vitatu vya mraba, vigumu, visivyoweza kumegwa, kuviringwa wala kuchovya chochote. Bukari isiyochovya ni unga uliopata ajali. Hata hivyo yote hayo yangevumilika kama samaki angekuwa na kichwa.

Kwa wakazi wa kando ya ziwa, kichwa ndicho hati ya samaki. Jicho husema alivuliwa lini, matamvua husema kama muuzaji ni mkweli. Ndani ya kichwa mna nyama ya shavu, iliyo laini kuliko ya mgongo, na mna mafuta na ute ambao ndio ladha ya mchuzi. Kumpa mgeni samaki asiye na kichwa ni kumwambia kwamba kuna mgeni mwingine, aliye bora, amekwisha kupewa.

Mhudumu, kijana mwenye adabu na fulana nyeusi, alijibu kwa upole: “Papa, file haina na kichwa.”

“Sasa ilikuwa inaonaka na nini?”

Kijana hakuwa na jibu, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja na tai, akaeleza kwamba wateja wa nyumba hiyo hawapendi kutazamwa na chakula. Jibu hilo halikutosha, naye akaenda kumwita mpishi. Mpishi alitoka jikoni akiwa mweupe toka kofia hadi kiatu, na chumba kikanyamaza kama kanisa wakati wa sadaka. Alieleza kwamba kichwa hakikupotea. “Kiko ndani ya mchuzi, mukubwa,” alisema, akaonyesha sahani. Kwenye sahani palikuwa na matone matatu.

Mpishi hakudanganya, na maelezo yake yanastahili kurudiwa kwa ukamilifu. Vichwa na mifupa huoshwa, matamvua hutolewa kwa kuwa huleta uchungu, kisha vyote huchemshwa polepole pamoja na vitunguu na majani ya harufu kwa muda usiozidi sana nusu saa. Mifupa ya ng’ombe huhitaji kutwa nzima, lakini ya samaki ikizidishiwa moto hutoa ladha chungu. Ute wa kichwa huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Mchuzi huchujwa, huchemshwa tena bila mfuniko mpaka maji mengi yapae, na kilichobaki hurudishwa motoni kipungue tena. Sufuria iliyojaa huishia kwenye kikombe. Kwa hiyo matone matatu yanaweza kwa haki kabisa kuwa kichwa kizima, na mla aliyeyafuta kwa kidole alikuwa amekula kichwa bila kufahamu.

Maelezo hayo yangefunga mjadala kama mlango wa jikoni haungefunguka. Kupitia mlango huo ilitoka harufu ya nyanya, kitunguu na vichwa vya samaki vinavyochemka kwa wingi, na mvuke wa bukari iliyotoka kusongwa. Hili nalo ni jambo la kawaida katika taaluma. Jiko la kazi hulisha watu wake kabla au baada ya wateja, na huwalisha kwa vipande visivyoweza kuonyeshwa ukumbini. Vichwa vilivyozidi mahitaji ya matone matatu vilikuwa nyuma ya ukuta, vikiwa vizima, vikiliwa kwa mikono na watu wanaocheka. Ombi la kulipa zaidi ili kuhamia upande ule lilikataliwa.

Jambo la tatu la kueleza ni jinsi kipande chenyewe kilivyopikwa, maana hakikuguswa na makala, yaani makaa. Kilifungwa katika mfuko wa plastiki ulioondolewa hewa, kikatumbukizwa katika maji ya joto lisilofika hata karibu na kuchemka. Njia hii iliingia katika upishi wa hali ya juu mwaka 1974, pale Mfaransa Georges Pralus alipotafuta namna ya kupika ini la bata bukini kwa ajili ya mgahawa wa ndugu Troisgros huko Roanne bila kupoteza uzito mwingi. Ini lilipopikwa kwa njia ya zamani sehemu kubwa iliyeyuka na kuwa mafuta, na mwenye mgahawa alilia kwa kila gramu. Ndani ya plastiki karibu lote lilibaki.

Kwa samaki, faida iko katika usahihi. Protini za nyama yake huanza kukaza kwenye nyuzi 40 na kitu, na joto likipita 60 hukamua maji na kukauka. Mpishi huweka mashine kwenye nyuzi 50 hivi na kuondoka, akijua kwamba nyama haiwezi kupita hapo. Matokeo ni samaki mwenye unyevu uleule kutoka ukingo hadi katikati, jambo ambalo makala hayawezi. Hasara ni kwamba rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma, zilizoelezwa na mkemia Louis Camille Maillard mwaka 1912, hutokea kwa nguvu pale ngozi inapokauka na joto kupita nyuzi 140. Katika maji ya uvuguvugu hazitokei. Ndiyo maana kipande kilikuwa laini kwa namna ya kushangaza, na hakikunukia chochote.

Mashine hiyo hutaka umeme usiokatika, na hapa ucheshi wa jambo hili hupungua. Ziwa Tshangalele, ambalo mpishi alilisifu mbele ya ukumbi kuwa la asili, si la asili. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière ili kupeleka umeme migodini na viwandani, na kituo chake kilianza kazi mwaka 1930. Maji yalifunika sehemu kubwa ya bonde, na waliokuwa wakulima wakawa wavuvi. Kituo kilikarabatiwa upya na kazi ikakamilika mwaka 2021 kwa ushirikiano wa shirika la umeme SNEL na kampuni ya shaba ya Kamoa, kikafikia megawati 78. Umeme huingia katika gridi na kusafiri. Samaki hupanda lori na kusafiri pia, kwa barabara ile ile ya Lubumbashi. Wanakutana mjini, ndani ya mfuko wa plastiki, na mmoja humpika mwenzake. Kando ya ziwa, nyumba nyingi bado hupika kwa makala.

Maji ya ziwa hupokea pia mito inayotoka upande wa Likasi na viwanda vyake vya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vilivyoonyesha kiwango kikubwa cha kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na samaki wa Tshangalele nao wamechunguzwa na kukutwa na metali. Mla wa mjini hula kipande cha vidole viwili mara moja kwa mwaka. Mtoto wa Kapolowe hula samaki mzima, na kichwa chake, karibu kila siku. Hakuna povu linalofunika tofauti hiyo.

Matukio mengine ya mlo hayahitaji maelezo marefu. Bakuli la maji ya ndimu lilikuwa la kunawa. Ua lililopamba sahani lilikuwa la kula, na lile lililopamba meza halikuwa. Choo kilikuwa kizuri kuliko vyote vilivyotangulia.

Hesabu ilikuja kwa dola, ikageuzwa kuwa franka kwa kiwango cha nyumba. Kwa fedha hiyo, kando ya barabara ya Kapolowe hununuliwa samaki wa kujaza beseni, na beseni lenyewe. Lakini bei si lawama kuu. Kodi ya jengo, jenereta, barafu, mishahara na ada ya barabara vyote ni vya kweli, na mpishi aliyejifunza miaka mingi ana haki ya kula.

Lawama kuu iko kwenye menyu. Divai ya mezani iliandikwa pamoja na mwaka wake, kijiji chake na mteremko wa kilima ulikopandwa mzabibu. Ufaransa imelinda majina ya namna hiyo kwa sheria tangu mwaka 1935, kwa hoja kwamba ladha hutoka mahali na watu wa mahali hapo wana haki nayo. Mstari wa chini yake ulisomeka “tilapia wa ziwa”. Ziwa lipi, haikusemwa. Divai iliyovuka bahari ilikuwa na kwao. Samaki aliyekuja kwa lori asubuhi ile alikuwa yatima.

Inawezekana kufanya vingine. Mjini Kigali, Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyejifunza upishi Ujerumani, alifungua Meza Malonga mwaka 2020. Anajulikana kwa kusafiri katika nchi nyingi za Afrika akijifunza kwa wapishi wa vijijini, hasa akina bibi, na kusema wazi kwamba amejifunza kwao. Sahani zake pia ni ndogo. Udogo wa sahani haujawahi kumzuia mtu kutaja alikotoa kitu.

Hukumu basi ni hii. Kwa ufundi, mlo wa mpishi mkuu hutimiza ahadi: samaki laini namna ile hapatikani kwenye makala. Kwa shibe hautimizi, na anayeufuata kwa ajili ya shibe ale bukari kabla ya kuondoka nyumbani. Kwa heshima hautimizi kabisa, ingawa dawa yake haihitaji mashine, plastiki wala umeme wa Mwadingusha. Nyumba inayoweza kuandika bila kosa jina la kijiji cha Ufaransa inaweza pia kuandika Kapolowe. Ni herufi nane tu.