Ndoo ya Mama na Gari la Mjomba: Mwongozo wa Kuanza Kawoshi Malakisi kwa Mfuko Mtupu

Kijana wa Malakisi aliyemaliza shule na bado hajaitwa popote ana njia tatu za kushika pesa: bodaboda, mahindi ya kuchoma na kawoshi. Bodaboda inadai malipo ya kwanza. Mahindi yanasubiri msimu. Kawoshi inataka ndoo tu, na ndoo ipo nyumbani. Ni vile mama anaitumia.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo. Nimeuandika kwa uzoefu, maana karibu kila kosa lililomo nililifanya mwenyewe, mengi yakiwa juu ya gari moja jeusi la mjomba wangu, aliyekuja Krismasi kutoka Nairobi akanikabidhi ufunguo kwa moyo mweupe. Tutafika kwa mjomba. Kwanza tununue vitu.

Hatua ya kwanza: bango

Kabla ya maji, kabla ya sabuni, tafuta fundi wa kuandika mabango. Jina liwe na uzito. "Dubai" ni zuri. Mteja akishasoma Dubai haulizi kwa nini unamwagia gari lake maji kwa kikombe cha chai. Bango litakula nusu ya mtaji. Nusu iliyobaki igawe mara mbili: kiti cha plastiki cha mwenye gari, na benchi la marafiki watakaokuja kutoa ushauri. Hao hawalipi, lakini bila wao nani atajua umefungua?

Ukimaliza hapo huna pesa, na ndipo masomo yanapoanza.

Hatua ya pili: maji

Mto Malakisi unashuka kutoka Mlima Elgon na haujawahi kumletea mtu bili. Ingiza Probox hadi magurudumu yazame, kunja suruali, anza kazi. Mtu wa mazingira akipita, atakutajia kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotaka ukingo wa mto uachwe bila shughuli, mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi, kwa kufuata mafuriko makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa. Mwitikie kwa heshima. Kisha mweleze kwamba unachangia uhusiano wa kimataifa: maji haya yanaingia mto Malaba, yanavuka kwenda Uganda, yanafuata Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, na Kyoga hupitiwa na mto Nile. Dizeli uliyoimwaga asubuhi imeshaanza safari ya Misri bila pasipoti.

Shida ni kwamba kabla ya kumfikia Mmisri inampitia mama mmoja aliyeinama na mtungi wake hapo chini ya daraja, na huyo ana wana wawili wenye pikipiki. Umepoteza wateja wawili kabla ya saa nne.

Tena maji ya mtoni yenyewe, msimu wa mvua, ni uji wa udongo. Ukiosha gari kwa uji, unalipaka. Nunua mitungi mitatu ya lita 20, ijaze, iache ilale usiku kucha. Asubuhi mchanga umekaa chini. Mimina ya juu, ya chini mpe mgomba. Bora zaidi ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati: hayana chumvichumvi, kwa hiyo yakikauka hayaachi madoa meupe. Mitungi mitatu yatosha gari dogo, mradi humwagi kama anayezima moto.

Na mashine ya presha? Usikope kwa ajili yake. Jirani ana pampu ya mgongoni, ile ya kunyunyizia nyanya dawa. Iazime, wala usimuulize mara ya mwisho ilibeba nini. Kama ilibeba dawa ya magugu utajua baada ya siku chache, kwa kutazama sukuma wiki ya mama iliyo karibu na unapooshea. Anayetaka kuendelea kula kwao hununua pampu mpya na kuiandika ubavuni kwa rangi: GARI.

Hatua ya tatu: sabuni

Sokoni kuna sabuni ya maji inayopimwa kwa lita, kwenye chupa zilizokuwa za soda. Wanunuzi huijaribu kwa kuinamisha chupa: ikiteremka polepole kama uji wa wimbi, ni kali, ikiteremka haraka, muuzaji ni mwizi. Endelea kuamini hivyo. Usimuulize kamwe mtu aliyewahi kuipika, maana atakuharibia siku. Atakwambia kwamba povu linaletwa na kemikali iitwayo Ungerol, mafuta yanang'olewa na asidi ya salfoniki iliyotulizwa kwa magadi, na ule uzito ni chumvi ya jikoni, inayotiwa kidogo kidogo hadi mchanganyiko ukaze. Ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji. Kwa hiyo unayelipia uzito umelipia chumvi, na chumvi ikikaukia penye mkwaruzo uliofika kwenye bati, umeikaribisha kutu chai.

Sabuni ya unga nayo ilipikwa kwa ajili ya kola ya shati la shule. Kwenye gari inaondoa tope, na inaondoka pia na ile nta iliyokuwa inaikinga rangi. Gari litatakata, kisha wiki mbili baadaye litafubaa kama sufuria ya matanga.

Shampuu ya gari ina bei ya kutisha kwenye maduka ya spea Bungoma mjini na Kitale, na ndiyo maana tunaikimbia. Lakini soma ubavu wa chupa: inatumika kwa vizibo, si kwa vikombe. Chupa moja ndogo itakuvusha magari mengi kuliko mfuko wa unga wa bei hiyohiyo. Sikulazimishi. Nilihesabu tu, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na mteja.

Hatua ya nne: kitambaa

Chukua fulana ya kampeni. Ya mgombea aliyeshindwa ndiyo hupatikana kwa urahisi, ya aliyeshinda bado inavaliwa. Uso wake uliochapishwa kifuani umekauka na kugangamaa hadi umekuwa msasa. Geuza upande huo uelekee bati. Ongeza kipande cha godoro kwa ajili ya povu na dodoki kwa ajili ya ushupavu. Kitambaa kikianguka chini, kipige makofi mawili, endelea.

Hivyo ndivyo nilivyoliosha gari la mjomba. Lilikuwa jeusi tii. Nilitumia ndoo moja, ile ya mama. Nilianza na magurudumu kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa machafu zaidi, nikapanda milangoni, nikamalizia juu ya boneti kwa nguvu zote na upendo wote, kwa maji yaleyale. Saa saba mchana, jua la utosi. Sabuni ilikuwa inakauka kabla sijaisuuza, nami nikaona ni dalili ya ubora. Mjomba alinipa mia tano na kunisifu mbele ya shangazi.

Siku ya tatu alipita kwa fundi wa rangi Bungoma mjini kwa shida nyingine kabisa, ya bampa. Fundi alizunguka gari juani, akainama, akalitazama boneti kwa upande, akauliza: "Mzee, hili aliliosha adui au ndugu?"

Mjomba akajibu: "Mpwa."

Fundi akamwonyesha. Juani, rangi yote ilikuwa na mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama buibui wa kaunti nzima walikuwa wamekutana hapo kwa semina. Mikwaruzo ile haikuwa ya sabuni. Ilikuwa ya mchanga. Barabara zetu hazitoi vumbi la poda. Zinatoa chembe ngumu kuliko bati, wakati ile vanishi ya juu kabisa, inayoipa rangi mng'aro, kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele. Nilikuwa nimezitoa chembe hizo kwenye magurudumu, nikazibeba kwa kitambaa, nikazisugua boneti zima kwa upendo wa mpwa.

Kazi yetu, kwa hiyo, ni kuhamisha mchanga bila kuuburuta. Ukilishika hilo, orodha ya manunuzi inajiandika yenyewe na nusu ya vitu vya dukani vinarudi rafuni.

Mwagia maji kwanza, tope lilowe, liteleze lenyewe. Usiliguse kabla halijalainika. Agosti ya mwaka shufwa, majira ya tohara ya Wabukusu, magari ya wageni hufika hapa yamevaa tope hadi kwenye vioo. Tope la mtoni analopakwa mtahiriwa lina heshima yake na halifutwi ovyo. La kwenye Probox halina heshima hiyo, lakini nalo lisifutwe ovyo.

Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza upande mmoja. Anza juu, shuka chini. Magurudumu yawe ya mwisho, na yapewe kitambaa chao, cha rangi tofauti, kisichopanda juu hata gari likiwa la chifu.

Kitambaa chenyewe kiwe maikrofaiba. Mji wetu una kinu cha kuchambulia pamba ambacho wazee wanakisimulia kama jamaa aliyewahi kuwa tajiri, kwa hiyo inauma kidogo kukiri kwamba kitambaa kinachofaa ni cha nyuzi za plastiki. Lakini nyuzi zake zimepasuliwa zikawa laini mno, na kati yake mchanga huzama badala ya kubaki juu ukikwaruza. Kifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huziba nyuzi na kukirudisha kuwa fulana ya mgombea. Kikianguka chini, kimestaafu: kihamishie magurudumuni. Rahisi huvunja upishi, na hapa upishi ni boneti la mtu.

Hatua ya tano: mng'aro

Mteja halipi usafi, analipa mng'aro. Kwa hiyo pulizia dizeli kwenye injini na bampa, paka matairi mafuta ya kujipaka, sugua taa kwa dawa ya meno. Gari litaondoka kama bwana harusi.

Litakavyorudi ni habari nyingine. Dizeli hulegeza mpira wa mabomba na kukusanya vumbi lote hadi Lwakhakha. Mafuta ya kujipaka nayo yametoka kwenye mafuta ghafi, si rafiki wa tairi. Dawa ya meno hutoa umanjano wa taa kweli, pamoja na ile ngozi nyembamba inayoikinga plastiki dhidi ya jua, ndiyo maana umanjano hurudi na ndugu zake. Kwa matairi, gliserini kutoka duka la dawa, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, inatosha. Mvua ikinyesha inaondoka na haijamdhuru mtu.

Ukitaka kumpoteza mteja moja kwa moja, paka polishi ya dashibodi kwenye usukani na pedali za breki. Barabara ya kushukia mtoni itamaliza kazi.

Hatua ya sita: ndani

Probox iliyotoka soko la Chwele huwa na abiria idadi ya darasa, gunia la vitunguu na kuku wa kupelekewa wakwe. Utakuta manyoya mahali ambapo hata fundi hajafika. Vakyumu huna. Unayo brashi ya kupakia rangi, mpya na kavu, inayofukua vumbi kwenye matundu ya hewa vizuri kuliko mashine, na kifagio kidogo cha mkono. Vioo vifute kwa gazeti la jana na tone la siki. Usimwage maji sakafuni kama unaosha jiko: chini ya zulia kuna nyaya, na zulia lililolowa wakati wa mvua hunuka hadi mteja amshuku mtoto wake.

Sarafu utakazookota chini ya siti zihesabu kama marupurupu, isipokuwa gari likiwa la mwalimu. Mwalimu huwa amezihesabu.

Hatua ya saba: orodha yenyewe

Baada ya kurudi kutoka Dubai ya bango, hivi ndivyo nilivyonunua. Haikufika elfu tatu, ukiacha pampu, niliyoinunua baadaye:

- mitungi mitatu ya lita 20;
- ndoo ya rangi ya lita 20, kutoka kwa mafundi wa nyumba, iliyosuguliwa ikatakata;
- maikrofaiba nne: mbili za kuoshea, moja ya kukaushia, moja ya magurudumu;
- chupa ndogo ya shampuu ya gari;
- brashi ya rangi na kifagio cha mkono;
- gliserini na siki;
- kivuli. Hiki ni cha bure: mwembe. Ila usioshee chini yake maembe yanapoiva.

Utaona orodha ina ndoo moja, na mimi nimehubiri mbili. Ya pili ilikuwa ya mama.

Krismasi iliyofuata mjomba alikuja tena, safari hii na gari jeupe. Hakusema kitu kuhusu lile jeusi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akanitazama kuanzia maji ya kwanza hadi kitambaa cha mwisho, bila kugusa chai yake. Nilipomaliza alisimama, akazunguka gari juani, akainama, akalitazama boneti kwa upande kama alivyofundishwa. Kisha akanipa mia tano, ileile ya mwaka jana.

Jioni nilimrudishia mama ndoo yake. Aliinusa, akaisuuza mara tatu, akainusa tena. Akaniambia, "Baki nayo tu, baba."

Ndiyo ndoo ya pili.