Mapafu Mapya, Breki za Babu

Jirani yangu wa Mbagala kang'oa kabureta na injini nzima ya Land Rover 109, gari lililokoma kuundwa 1985, kashusha Toyota 1FZ-FE ya lita 4.5, ambayo mafuta hunyunyizwa kwa amri ya umeme.

Zamani likizima, fundi wa chini ya mwembe alipuliza jeti kwa mdomo, safari ikaendelea. Siku hizi likizima, kontroli boksi huhojiwa kwa kompyuta kama mtuhumiwa, sensa zikatajana. Nguvu zimeongezeka, sikatai. Breki ni zilezile za drumu, na foleni ya Barabara ya Kilwa haijui lita 4.5.

Hongera jirani, sasa unachelewa kisasa. Ila ngoma ikivuma sana hupasuka: kanunue breki.