Kwa Mkwe Wetu, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza

Waheshimiwa wakwe,

Huku pwani tumezoea posa kupelekwa nyumbani kwa binti, mshenga akaketi, mahari yakajadiliwa. Kwenu mshenga ni wakili, na mahari hayana mjadala: tangu Aprili 2024, anayetaka kumleta mwenzi wake aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mwaka 2012 mlidai 18,600.

Wa kwanza kukwama ni yule anayewaogesha wazee wenu. Kima cha chini mlichokipanga wenyewe Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Afanye kazi saa 37 na nusu kila wiki, asikose hata wiki moja, atafikisha kama pauni 23,800. Yaani Serikali imeona mshahara huo unatosha kumlipa mtu, ila hautoshi kuwa na mume.

Na huyo mume, tuseme ni mhasibu Mombasa, analipwa vizuri tu. Mshahara wake hamuuhesabu, kwa kuwa ameuchumia ng'ambo isiyofaa. Mnautazama wa mke peke yake: hati za mshahara za miezi 6, kila moja ioane na taarifa ya benki. Asiye na kipato kabisa hamumnyimi matumaini, kwani anaweza kuonyesha akiba ya pauni 88,500 iliyolala miezi 6 bila kuguswa. Nani asiyekuwa nazo?

Wakikataliwa, rufaa ipo: pauni 80 kwa makaratasi, 140 wakitaka kusikilizwa. Huko mwanasheria wenu huuliza, kwa adabu kabisa, kuna kizuizi gani kinachowazuia kuishi Kenya. Mwanamke aliyezaliwa Leicester, mwenye mama mgonjwa na mtoto darasa la pili, aeleze kizuizi. Mwaka 2017 Mahakama yenu ya Juu ilisema kiwango cha kipato cha wakati huo, pauni 18,600, ni halali hata kama kinawaumiza wengi wasio na kosa, ingawa iliwakumbusha kwamba maslahi ya watoto hayakuwekwa sawasawa kwenye kanuni. Tuliwapa pole kwa usumbufu huo.

Ombi letu ni moja. Kwetu mahari hulipwa kwa awamu, na wajomba huchanga; mtukubalie tulipe hivyo hivyo. Mkiona vigumu, basi angalau ile ada ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, mtuhesabie kama kishika uchumba.

Wenu watarajiwa,
Upande wa bwana harusi