Jinsi ya Kumnyanyulisha Mtu Mzigo kwa Neno Moja

Ukitaka kijana wa Masisi, huku Kivu Kaskazini, ashindwe kunyanyua chuma, mzungushie watu watano, kila mmoja na kelele yake: “Kifua! Magoti! Pumua! Mgongo! Kaza!” Atabaki ameinama akitafuta magoti yake yako wapi, na chuma hakitatoka chini.

Usiwe wa sita. Tazama kosa lake kubwa, lichagulie neno moja, umwambie kabla hajainama. Akishaanza kupanda, nyamaza. Ukiona hatari, sema “Acha!”, na mkubaliane mapema kwamba neno hilo halijadiliwi.

Neno lenyewe lisitaje kiungo cha mwili. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio ya watu waliojifunza kuyumba kwenye mashine inayoiga mchezo wa skii. Walioweka mawazo kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko waliofikiria miguu yao. Basi acha “nyoosha magoti”, sema “sukuma ardhi”. Mgongo ukipinda, sema “nionyeshe namba ya jezi yako”, ukiwa umesimama mbele yake, naye awe na jezi yenye namba kifuani. Mzigo ukimtoka mbali na mwili, sema “likumbatie gunia”.

Wanaohitaji maneno haya kuliko wote hawaingii ukumbi wa mazoezi. Kabla mgodi wa kisasa wa Bisie, kule Walikale, haujaanza uzalishaji mwaka 2019, wabebaji walipita msituni hadi Ndjingala na magunia ya kilo 50 ya kasiteriti, yaani madini ya bati. Uti wa mgongo wa watu hao ni mali kuliko bati lote la Bisie. Kwa hiyo wawili wakimpandishia mwenzao gunia, ahesabu mmoja tu, na wote wanyanyue kwenye “tatu”. Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikikwama na viazi vyake kwenye mlima wa Masisi, nayo isukumwe kwa sauti moja. Sauti mbili huivuta pande mbili, na viazi huishia mtaroni.

Anayenyanyua akiwa mkubwa kwako, anza na “papa”, yaani baba: “Papa, sukuma ardhi.” Amri tupu ya kijana humkasirisha mzee. Kama lugha ya nyumbani, Kihunde au Kinyanga, ndiyo inayomwingia haraka, tumia hiyo.

Akishindwa mara mbili kwa neno hilohilo, badilisha neno. Akishindwa tena, kosa si lake wala la neno: toa sahani kwenye chuma, au fungua gunia, nusu ibebwe na mwingine.