Mwalimu Kaitwa Usaili: Maandalizi Manane, Kutoka Mkiani Kwenda Juu

Kuna wakati mwalimu wa Tanzania alikuwa haulizwi kitu. TAMISEMI inatoa orodha, unatafuta jina lako, ukiliona unafunga begi na kwenda ulikopangiwa, hata kama kijiji chenyewe hujawahi kukisikia. Mwaka 2025 mambo yakageuka: walimu nao wakaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, karatasi kwanza, mdomo baadaye. Mtu aliyezoea kuuliza maswali sasa anaulizwa yeye. Wanafunzi wetu wakijua watafurahi sana.

Haya basi, maandalizi manane tunayoyahangaikia, nimeyapanga kwa umuhimu. Msahihishaji ni mimi, kalamu nyekundu ninayo, na rufaa zinapokelewa.

8. Suti ya kuazima
Suti ya shemeji, ambayo mabega yake yanaingia ukumbini kabla yako. Nguo safi, iliyopigwa pasi, inayokuenea, inatosha kabisa. Wasaili wanatafuta mwalimu, hawatafuti bwana harusi. Alama: 2 kati ya 10, na zote mbili nampa fundi cherehani.

7. Mjomba wa Dodoma
Kila ukoo unaye mmoja "anayemjua mtu". Simu anapokea vizuri, ahadi anatoa, vocha anatumiwa. Siku ya usaili hapatikani. Alama: 0. Karatasi ya mtihani haina nafasi ya kuandika jina la mjomba.

6. PDF ya "maswali yaliyotoka"
Inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa bei ya chipsi mayai. Kujipima kwa maswali ni jambo jema, sikatai. Ila jiulize: huyu anayeuza majibu yote, mbona naye bado anasubiri kuitwa? Alama: 4, za huruma.

5. "Tueleze kuhusu wewe"
Hapa watu huanzia hospitali waliyozaliwa, wakapita chekechea, na muda unaisha wakiwa darasa la tano. Wasaili wana maelezo yako mezani. Taja somo lako, madarasa uliyofundisha, na kitu kimoja ulichokifanya kikaonekana, hata kama ni klabu ya hesabu ya watoto sita. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda walimu. Alama: 5.

4. Wakubwa wa nadharia
Piaget, Vygotsky, Bloom na ngazi zake sita za mwaka 1956. Wasome, maana kwenye usaili wa kuandika wanaweza kuchungulia. Lakini kuna mwombaji anayemjua Vygotsky kama alikua naye mtaa mmoja, halafu akiulizwa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, ya 1967, anaanza kuelezea banda la kuku la shule.

Na kwenye usaili wa mdomo wanakubadilishia upepo: darasa lina watoto mia moja, madawati yanatosha nusu, utafanyaje? Bloom hana dawati hata moja. Eleza makundi, viongozi wa makundi, zamu za kukaa mbele, na daftari utazisahihisha lini. Alama: 6.

3. Andalio la somo
Hapa tumekolea. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na bado kuna mtu anaingia usaili na andalio alilojifunza chuoni enzi zile: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakari, hitimisho. Analitamka lote bila kupumua, kwa fahari. Tovuti ya Taasisi ya Elimu Tanzania ipo, muhtasari mpya wa somo lako upo. Usome ujue umahiri mkuu ni upi na umahiri mahususi ni upi, na uweze kutoa mfano bila kutazama dari. Alama: 8. Tafakari: pole.

2. Kufundisha kwa vitendo
Najua wengi mngeiweka hii namba moja. Subirini.

Hasa kwenye shule binafsi, hapa ndipo watu wanapopotea. Unapewa ubao, chaki na dakika chache. Wanafunzi wako ni mkuu wa shule mwenye mvi, mwalimu wa taaluma, na mhasibu aliyeitwa kujaza kiti. Wote wamegeuka darasa la tatu ghafla. Mkuu wa shule ananyoosha kidole: "Mwalimu, huyu kanichukulia penseli." Ukicheka tu, umekwisha. Ukimwita "mzee", umekwisha pia. Mrudishie penseli yake, endelea na somo lako la sehemu.

Wanachotazama ni vitu vidogo. Unaongea na ubao au na darasa? Maandishi yako yanakwenda sawa au yanateremka mlima? Umeuliza swali ukasubiri jibu, au umejijibu mwenyewe na kujipongeza? Vizibo vya soda mfukoni, vya kuonyesha robo na nusu, vitakubeba kuliko hotuba ndefu kuhusu zana. Na tafadhali, "Tumeelewana?" si tathmini. Hata aliyelala huitikia "Ndiyooo". Alama: 9.

1. Majina kwenye vyeti
Ndiyo, majina. Tupa kalamu, piga meza, lakini hapa siteremki.

Hebu tazama. Cheti cha kuzaliwa: Aisha Juma Salum. Cha kidato cha nne: Asha J. Salum. Cha chuo: Aisha Salum Juma. Kitambulisho cha NIDA kina lake. Kwa mama yako huyu ni mtoto mmoja. Kwa mhakiki mezani ni watu wanne, na aliyeitwa ni mmoja. Kama majina yametofautiana, hati ya kubadili jina (deed poll) inatakiwa, na haipatikani asubuhi ya usaili kwa kumwangukia mlinzi. Vyeti viwe halisi, siyo "nakala imegongwa muhuri na mwanasheria". Hati ya matokeo haipokelewi, na "testimonial" nayo ibaki nyumbani na picha za mahafali. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo ukirudishwa mlangoni umelipia safari ya kwenda kusomewa jina lako vibaya.

Huyo bingwa wenu wa namba mbili, mwenye vizibo na mwandiko wa dhahabu, hafiki ubaoni kama hakupita kwenye meza hii. Alama: 10.

Bado unabisha? Sawa. Fungua bahasha yako sasa hivi, soma majina herufi kwa herufi, cheti hadi cheti. Yakilingana yote, njoo tubishane.