Kabureta, Bibi Harusi na Kioo cha Sebuleni

Bibi harusi aliondoka Kwihara kwa bodaboda. Shela lilifungwa fundo kiunoni lisije likaingia kwenye mnyororo, bwana harusi akafuata kwa pikipiki ya pili amekumbatia maua, na mimi nikabaki chini ya mwembe nimeegemea boneti, nikijifanya namsubiri mtu.

Gari lenyewe niliombwa kwa heshima zote. Ni Land Rover Series III ya petroli, ya mwaka 1976, niliyorithi kwa baba mdogo. Vijana wa Tabora siku hizi wanaona gari la kale likiegeshwa mbele ya tembe alilokaa Livingstone pale Kwihara, picha inanoga. Tatizo ni kwamba kwa miezi kadhaa lilikuwa linakunywa petroli kama limetoka kufunga, plagi zinatoka nyeusi kama mkaa, sailensa (mngurumo wa gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Siku ile lilikohoa mara tatu, likamwaga moshi mweusi juu ya shela jeupe, likazima. Shangazi wa bibi harusi akanigeukia: "Mwalimu, hili gari lako lina pepo au lina pumu?"

Tabora hatuna uhaba wa madaktari wa magari. Jioni ile kwenye kijiwe cha kahawa wa kwanza alisema koili. Wa pili akasema nimeuziwa petroli yenye mafuta ya taa. Wa tatu, ambaye maisha yake yote amemiliki baiskeli tu, akasema: "Kabureta imechoka. Badilisha." Nilimwamini huyo kwa sababu alisema maneno machache.

Kabureta ya gari hilo ni Zenith 36, namba hiyo ikiwa ni upana wa koo lake kwa milimita. Ndani yake kuna bakuli la petroli lenye boya. Bakuli likijaa, boya linasukuma sindano na kufunga njia. Injini ikivuta hewa kupitia kooni, hewa hiyo inanyonya petroli kwenye vitundu vya jeti, na mchanganyiko unakwenda kwenye silinda. Ni upishi tu, kila kitu kwa kipimo. Yangu ilikuwa inapika pilau ya mafuta matupu.

Nikapiga simu Dar es Salaam kwa muuza spea. Akanipa machaguo matatu: Zenith iliyotumika, Zenith mpya ya kuiga, au Weber 34, ambayo koo lake ni jembamba kwa milimita mbili na inasifiwa kwa kubana matumizi. "Chukua Weber, bosi. Hiyo inaingia yenyewe." Neno hilo lilipaswa kunishtua. Katika nyumba yangu, kilichowahi kuingia chenyewe ni panya. Lakini nilituma pesa, bei ya mbuzi wawili wazima.

Kusubiri mzigo kutoka pwani ni mila ya mji huu. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi aliotafutiwa na Stanley huko pwani. Mimi nilingoja siku nne, kwa sababu kondakta alisinzia, basi likapita Tabora na kabureta yangu ikafuata njia ya misafara mpaka mwisho wake, Kigoma, karibu na Ujiji, ndipo ikarudishwa.

Ilipofika, nilimwita fundi nyumbani. Aliigeuzageuza, akaiweka pale inapokaa. "Mwalimu, mashimo yanakubali. Mengine yote yanakataa." Bomba la hewa halikufika. Fimbo ya mafuta ilipishana na mkono wa Weber. Pleti ya kukalia ilibaki Dar. Fundi akachonga gasketi kwa kandambili ya mwanangu, akaunganisha fimbo kwa waya, akaniambia nipige stata.

Liliwaka! Likanguruma, likazidi kunguruma, likawa linapiga kelele kama treni ya Kigoma. Waya ulikuwa umenasa, mafuta yamefunguka yote. Kuku wa jirani walipanda juu ya paa. Nikazima ufunguo, na kwa mshangao wa wote, lilizima. Tulipofungua, kandambili ilikuwa imelewa petroli na kuvimba kama andazi.

Fundi alikaa kimya, kisha akaiokota Zenith ya zamani kwenye debe la vyuma chakavu. Akafungua kifuniko. "Nitafutie kioo kilichonyooka." Kioo pekee kilichonyooka nyumbani kwangu kilikuwa sebuleni, kimefunika picha ya harusi yetu. Mama Watoto alikuwa sokoni.

Akakilaza kifuniko juu ya kioo, akatuita tuchungulie. Mwanga ulipita katikati kama unavyopita chini ya mlango. Kifuniko kilikuwa kimepinda, hivyo oringi ndogo inayokaa kati yake na kiwiliwili haikubana tena, na petroli ilikuwa inaruka jeti na kujipitia inavyotaka. Ndiyo maana hakuna skrubu iliyosaidia.

"Zinapinda kwa joto," fundi akaniambia, "na kwa watu wanaokaza kupita kiasi. Nani alikaza hii?"

Nilikaza mimi, mwaka jana, kwa spana ndefu, nikijisifu kwamba sasa haivuji.

Akabandika msasa laini juu ya kioo, akasugua kifuniko kwa mzunguko wa taratibu, karibu saa nzima, mpaka mwanga ukakatika. Oringi mpya niliipata dukani hapa hapa mjini, kwa bei ya chai na maandazi mawili. Skrubu ya sailensa akaikaza mpaka mwisho, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, kisha akasikiliza na kurekebisha. Gari likatulia. Sarafu niliyoiweka juu ya boneti haikuanguka.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatuma pesa Dar, fungua kwanza ulicho nacho na ukipime juu ya kioo. Na kioo kiwe chako. Weber ninaiuza, haijatumika zaidi ya dakika moja. Picha yetu ya harusi ipo ukutani bila kioo, na Mama Watoto amesema nitakula ugali mkavu mpaka kirudi.