Jinsi ya Kuiua Pikipiki Iliyokataa Kufa

Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki ya CG125, na ndani yake ilificha dharau. Wahandisi wake walikuwa wameona kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hubebeshwa kupita kiasi, na sevisi hufanywa siku ikikumbukwa. Badala ya kutuhubiria, wakaunda injini ya kutuvumilia, inayosukuma valvu kwa fimbo na isiyo na mambo mengi ya kuharibika. Cheni nayo wakaifungia ndani ya kava ili vumbi lisiifikie. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa vijiweni, kuanzia Tandika hadi Tunduma, zina injini za ukoo huo.

Kumbe chombo unachopanda kilitengenezwa makusudi kisife mikononi mwako! Changamoto hiyo tumeipokea, na tunaishinda kila siku. Ila tusidanganyane: kuiua injini ya namna hii si kazi ya mvivu. Inataka nidhamu, subira na ushirikiano wa tajiri, dereva, deiwaka na fundi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka moja, pikipiki inaweza ikapona.

1. Andikeni mkataba mzuri

Kifo cha bodaboda huanzia kwenye karatasi. Mkataba utaje hesabu ya kila siku, siku ambayo dereva halipi, na tarehe ambayo chombo kitakuwa mali yake. Neno sevisi lisionekane popote. Hapo tajiri ataamini kuwa matengenezo ni ya dereva, kwa sababu ndiye anayeipanda, na dereva ataamini ni ya tajiri, kwa sababu kadi ina jina lake. Deiwaka, anayeichukua jioni na kuirudisha alfajiri, haamini chochote zaidi ya mafuta yaliyomo kwenye tanki.

Mazungumzo ya simu yawe mafupi:

"Shikamoo bosi. Cheni inalia."

"Marahaba. Inalia, kwani imefiwa?"

"Imelegea bosi, na meno yameisha."

"Kaza hivyohivyo, kijana. Hesabu ya jana iko wapi?"

Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nyinyi daftari mnalo, tena limejaa: kila siku iliyolipwa ina tiki yake. Oili ilimwagwa lini, daftari halisemi. Kwa hiyo mali itapotea, lakini habari za hesabu zitakuwa kamili.

2. Iache oili izeeke kazini

Injini hizi hubeba oili ya lita moja hivi, na lita hiyohiyo ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi. Bodaboda ya mjini ikikimbia kilomita 100 kwa siku, mwezi ukiisha imefika 3,000, na oili imekuwa nyeusi tii. Kopo jipya lina bei inayokaribia hesabu ya siku moja. Hesabu ya siku moja kila mtu anaijua ni ya nani. Injini haijulikani ni ya nani, basi ndiyo itakayolipa.

Kwa hiyo usimwage, ongeza. Ikiwezekana ongeza oili ya gari iliyopimwa kwenye chupa ya maji, isiyo na jina wala kwao. Oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki, inayoogelea humohumo, inaishi kwa msuguano. Matokeo utayaona kwenye kilima cha kwanza ukiwa umepiga mishikaki: injini inanguruma, abiria wanahimiza, pikipiki haiendi. Makopo yaliyoandikwa JASO MA, yaani oili iliyopimwa kwa ajili ya klachi za aina hii, waachie watu wenye haraka ya kufika.

Ukilazimika kupima kiwango, pima pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Ikisimama wima mahali palipo sawa, kijiti kitasema ukweli, na ukweli una gharama.

3. Iondolee injini barakoa

Fungua boksi la kichujio cha hewa, toa sponji, tupa. Pikipiki itapata mlio mzito utakaosikika mtaa wa pili, na wewe utajiona umeiongezea nguvu. Kwenye barabara ya vumbi injini itavuta mchanga laini, nao utasugua ringi na ukuta wa silinda mpaka oili ipate njia ya kupanda juu na kuungua. Moshi wa bluu ukianza kutoka kwenye eksozi, waambie watu ni baridi ya asubuhi. Hata ikiwa saa nane mchana.

4. Inyamazishe plagi

Plagi ni shahidi. Ukiichomoa, ncha yake inasimulia yaliyotokea ndani bila injini kufunguliwa. Rangi ya kahawia hafifu maana yake ni shwari. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi au hewa haipiti, na mara nyingi ni kichujio kilichoziba. Ikiwa imelowa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikiwa nyeupe pepe, ndani kuna joto la kupita kiasi: huenda petroli haitoshi, au plagi yenyewe si namba yake.

Shahidi wa namna hii asiachwe aseme. Dawa yake kijiweni ni msasa. Deiwaka anaichomoa ikiwa bado ya moto, anaishika kwa pindo la fulana, anaisugua kwa kipande cha msasa alichopewa na seremala wa jirani mpaka ncha ing'ae, anaipuliza mara mbili, anairudisha. Anapiga kiki. Inawaka! Kijiwe kizima kinamsifu. Chembe za msasa zilizonasa kwenye kauri zitadondokea ndani ya silinda kwa wakati wake, na masizi yatarudi kesho kutwa kwa sababu aliyeyaleta hakuguswa. Plagi mpya haifiki hata hesabu ya siku moja, lakini nani atapiga makofi kwa plagi mpya?

Kuna pia suala la nafasi ya cheche. Kwa plagi kama D8EA ya NGK, inayofungwa kwenye injini nyingi za ukoo wa CG, nafasi hiyo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kipimo chake ni kibati chembamba kinachouzwa bei ndogo, kwa hiyo wewe tumia jicho, na likikataa, gonga ncha kwenye tofali mpaka ionekane imekaa. Namba ya plagi nayo isikuumize kichwa. Kwamba kwa NGK namba kubwa ni plagi inayopoa haraka zaidi, na ndogo hubaki na joto, ni elimu ya watu wenye nafasi. Ikiingia kwenye tundu, ni yake.

Wakati wa kufunga kumbuka kwamba kichwa cha injini ni cha aluminiamu na thredi zake ni laini. Waoga huizungusha plagi mpya kwa vidole mpaka ikalie, ndipo hushika spana na kuongeza nusu mzunguko, basi. Wewe anza na spana moja kwa moja. Ikienda upande, ilazimishe, kisha kandamiza mpini kwa mguu. Thredi zikikatika utakuwa umempatia kazi fundi wa kuchonga vyuma kule Gerezani, naye ana watoto wanaosoma.

5. Iache cheni ilie

Anza kwa kung'oa lile kava ambalo Wajapani walilifikiria kwa makini. Linagongagonga na halina mvuto; wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Sasa vumbi la kiangazi na tope la masika vitaingia bila hodi.

Kisha ilainishe kwa oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya mtu anayejali. Ni ya bure, ni nyeusi, na ndani yake mna unga wa chuma ambao ukikutana na mchanga husaga pini za cheni kwa ufanisi wa kiwandani. Wanaong'ang'ania uhai wa cheni huisugua kwa brashi na mafuta ya taa, huikausha kwa kitambaa, halafu hudondoshea oili nzito ya gia, namba 90, upande wa ndani huku wakizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Upande wa ndani kwa sababu cheni ikizunguka, oili hutupwa nje, na kabla ya kutoka lazima ipite kwenye pini. Shughuli yenyewe ni dakika chache kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Kama unaona vidole kumi ni vingi, ifute cheni injini ikiwa inawaka na gia imeingia. Kitambaa kikinaswa na meno ya sproketi, vidole vitapungua vyenyewe.

Kuhusu mlegeo, cheni inatakiwa icheze juu na chini milimita 20 hadi 30 hivi, ukiipima katikati ya upande wa chini. Hapo unaweza kuharibu kwa njia mbili, na zote zinafaa. Ukiikaza mpaka haichezi, abiria wakishapanda na shokapu kushuka, cheni inavutika kupita uwezo wake na beringi ya shafti ya gia inaanza kuomba talaka. Ukiiacha ining'inie, itaruka meno. Siku ya bahati itachomoka tu. Siku nyingine itajikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua ganda la injini, au itafunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni. Zile alama za kulia na kushoto kwenye ekseli ya nyuma usizilinganishe. Gurudumu likikaa mshazari, meno yataliwa upande mmoja, na hiyo pia ni kazi iliyosonga mbele.

Usisahau klipu ya kuungia cheni. Ina ncha moja iliyofunga na nyingine iliyo wazi, na iliyofunga ndiyo inayotakiwa itangulie kule cheni inakoelekea. Igeuze, ili chochote kitakachoigusa njiani kiichomoe.

Hatimaye cheni ikiisha, nunua cheni peke yake. Sproketi za zamani, zenye meno yaliyochongoka na kulala upande mmoja, zibakie palepale. Zitaimaliza cheni mpya kabla hujaisahau bei yake, na utasema bila kupepesa macho kwamba spea za siku hizi ni feki.

6. Tairi lioneshe mpaka nyuzi

Bodaboda nyingi hutumia tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne za siku ya kuzaliwa: 3521, kwa mfano, ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, kwa hiyo chagua lililokaa sana rafuni na udai punguzo. Ubavu huohuo una mshale wa kuonesha tairi lizunguke wapi. Upuuze. La nyuma likichoka lihamishie mbele, kwenye gurudumu ambalo breki na kona zote hulitegemea.

Upepo pima kwa teke. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji, lakini kibandiko hicho ulikwisha kukifunika kwa picha ya timu yako. Upepo ukipungua, tairi huteleza kwenye rimu na kuiburuta tyubu, mdomo wa valvu unalala kisha unakatika. Hiyo ndiyo pancha isiyo na kiraka, na hupenda kutokea mvua ikinyesha, ukimwahisha mgonjwa.

Vile vinundu vidogo ndani ya mifereji vikishalingana na uso wa tairi, tairi limeomba kustaafu. Likatalie. Wapo mafundi wanaochonga mifereji upya, na trafiki akilitazama kwa mbali atadhani ni jipya. Mifereji hurudi, mpira haurudi. Ukija kununua jipya kweli, basi lijaribu siku hiyohiyo kwenye kona ya lami iliyolowa, kabla haujaisha ule utelezi wa kiwandani unaohitaji kilomita 100 au zaidi za mwendo wa taratibu.

7. Mtafute mnunuzi

Sasa pikipiki inamisi, inakula oili, inalia, na haiwaki mpaka isukumwe. Hongera. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila cha kwako hakiwezi hata kujitembeza, kwa hiyo andika tangazo. "Injini haijawahi kufunguliwa" ni sentensi nzuri, tena ya kweli. Ongeza "kadi ipo" na "bei maelewano". Iwashe mapema, ili mnunuzi akifika aikute imeshapata moto.

Mkwepe anayeishika injini kwa kiganja kuona kama imewashwa kabla hajaja. Mkwepe pia anayeivuta cheni pale nyuma ya sproketi kubwa ili aone kama inaachana na meno, na zaidi anayeomba plagi ichomolewe aitazame. Mteja wako ni yule anayeuliza mambo mawili tu: bei ya mwisho, na inaingiza shilingi ngapi kwa siku.

Ikikosa mnunuzi kabisa, itabaki kesi ya kutafuta mwenye kosa, nayo huamuliwa kijiweni. Tajiri atasema dereva. Dereva atasema deiwaka. Deiwaka atasema fundi. Fundi, akifuta mikono, atasema Mchina, na hapo wote mtakubaliana, kwa kuwa Mchina hana kijiwe Tandika. Akijitokeza mmoja wa kuuliza oili ilibadilishwa lini, huyo ni mchochezi. Mwambieni akapande daladala.